Gari Hutakata kwa Muda, Si kwa Wingi wa Maji

   Leo tuzungumze juu ya kazi tunayoiona kila siku kando ya barabara zetu za Kitui na Makueni, huku Ukambani, tukaipita bila kuifikiria: kazi ya kuosha magari. Matatu imetoka Mutomo imevaa vumbi jekundu toka ringi hadi paa. Gari la Probox limetoka shambani na maembe, tope limegandia chini ya milango. Lori limesimama Emali likielekea Mombasa, kioo cha mbele kimejaa wadudu. Yote haya yanaishia mikononi mwa vijana wenye mpira, ndoo, sabuni na mashine ya presha. Basi naanza na swali: gari hutakatishwa na nini? Wengi wetu tutajibu upesi: maji mengi na nguvu za kusugua. Mimi nasema jibu hilo ni pungufu, na katika nchi kavu kama yetu upungufu huo unatugharimu. Gari hutakata kwa muda na mpangilio kwanza. Maji mengi na nguvu nyingi huja nyuma kabisa. Na mwalimu wa somo hili, msishangae, ni mashine.

Mashine yenyewe ni ile ya kuoshea magari yakiwa kwenye mkanda. Dereva anaingiza magurudumu ya upande mmoja kwenye reli, anatoa gia, anaondoa mguu kwenye breki, na mnyororo ulio chini ya sakafu unalivuta gari polepole kupita ndani ya jengo refu lililo kama handaki. Wazo hili lina zaidi ya miaka 100. Katika mji wa Detroit, Marekani, mwaka 1914, watu walianza kuosha magari kwa kuyapanga mstari: gari linasukumwa kwa mikono, huyu anapaka sabuni, wa pili anasuuza, wa tatu anakausha. Mnyororo wa kuvuta ukaja baadaye, na burashi zinazozunguka zenyewe zikafuata. Lakini sikilizeni vizuri: mstari ulitangulia mashine. Kabla ya mota yoyote, watu walikuwa wameshagundua kwamba kazi ikigawanywa hatua kwa hatua, na kila hatua ikapewa nafasi yake, kazi inakwenda vizuri zaidi. Mashine ilikuja kuulinda mpangilio ambao mikono ya watu ilikuwa imeuanza.

Sasa tuulize, ndani ya handaki lile kuna siri gani? Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa sabuni huko Ujerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba kila usafi unaofanywa kwa maji una nguzo 4: sabuni, nguvu ya kusugua, joto, na muda. Alizichora kama vipande vya duara moja. Ukipunguza kipande kimoja, lazima uongeze kingine, la sivyo uchafu hautoki. Haya si maneno ya maabara tu. Fikirieni shati la mtoto wa shule aliyecheza mpira kwenye udongo mwekundu wa Ukambani. Mama akilichukua likiwa kavu, akalisugua papo hapo, atachoka mikono, atamaliza sabuni, na alama itabaki kwenye kola. Lakini akililoweka kwanza kwenye maji ya sabuni, akaenda kuchambua maharagwe kisha akarudi, uchafu umeshalegea wenyewe. Hakuongeza nguvu, hakuongeza maji. Aliongeza muda. Kila anayefua nguo anaijua kanuni hii. Tukifika kwenye gari, tunaisahau.

Tazameni jinsi kazi inavyofanyika katika vituo vyetu vingi. Gari linaingia, linamwagiwa maji, linapakwa sabuni, na kabla povu halijatulia mpira umeshaelekezwa pale pale kuliondoa. Sabuni imelipiwa, lakini haikupewa nafasi ya kufanya kazi. Kwa hiyo vumbi jepesi linatoka, ila ile ngozi nyembamba ya moshi wa dizeli, grisi na wadudu waliokaushwa na jua inabaki. Ndipo kijana anaongeza presha, anaongeza maji, anasugua kwa hasira. Kwenye mashine ya mkanda haiwi hivyo. Baada ya gari kuloa, linapuliziwa sabuni ya kulegeza, kisha linasogea hatua kadhaa bila kuguswa na chochote. Mtu asiyejua angesema nafasi ile ni ya bure. Kumbe pale ndipo kazi kubwa inapofanyika. Dakika moja hivi ya kungoja huokoa dakika kadhaa za kusugua. Mara nyingi sabuni zenyewe ni za aina mbili zinazofuatana: moja ina tabia ya magadi, nayo huvunja mafuta na wadudu, nyingine ina tabia ya ndimu, nayo hulegeza chumvi na utando wa madini. Mkiziharakisha, zote mbili zinakuwa hasara.

Nirudie hoja hii, maana ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo: sabuni inahitaji kukaa, lakini isikauke. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Jua la saa 7 mchana pale Kibwezi linaweza kukausha povu kwenye boneti kabla hujazunguka gari mara moja, na sabuni ikikaukia juu ya rangi huacha alama. Kwa hiyo kivuli ni kifaa cha kazi. Paa la mabati au mti mkubwa wa mwarobaini unaweza kusaidia usafi wa gari kuliko mashine mpya ya presha. Joto ni rafiki likiwa ndani ya tangi jeusi, linapopasha maji bure bila kuni wala stima. Ni adui likiwa juu ya bodi. Na jambo jingine dogo: sabuni ya kulegeza ipakwe kuanzia chini kwenda juu. Kwa nini? Kwa sababu ukianzia juu, sabuni hutiririka kwenye uchafu mkavu ikachora michirizi, na sehemu za chini, ambazo ndizo chafu kuliko zote, hupata sabuni iliyokwisha nguvu. Kusuuza ndiko kuanzie juu kushuka chini, ili uchafu usirudi palipokwisha safishwa. Paka kutoka chini, suuza kutoka juu.

Hapo najua kuna msikilizaji anayesema: “Haya ni maneno mazuri ya redioni, lakini dereva wa matatu hana subira. Ana abiria wanamngoja stejini.” Ni pingamizi la haki, hebu tulijibu kwa hesabu. Muda wa sabuni kukaa haumhitaji mfanyakazi. Sabuni inafanya kazi peke yake. Tuseme kituo kina vijana 3 na magari 3. Wote 3 wakilivamia gari moja, wakalimaliza, ndipo wakaenda la pili, basi kila dakika ya kungoja ni dakika ya watu 3 kukaa bure, na kila mwenye gari ataona anacheleweshwa. Lakini wakisimama kwenye mstari, la kwanza likikaushwa wakati la pili linasuguliwa na la tatu limelowekwa, hakuna dakika inayopotea. Ile subira ya gari moja ni kazi ya gari jingine. Hivi ndivyo mkanda unavyoweza kulipatia kila gari muda wake na bado kutoa magari mengi kwa saa. Na hata wenye mashine hushawishika kukosea: foleni ikirefuka, mtu anaongeza mwendo wa mnyororo. Magari yanatoka upesi, ndiyo, lakini yanatoka na uchafu, kwa sababu sabuni imenyimwa muda wake. Mwenye busara hurefusha eneo la kulowekea, mwendo akauacha ulivyo. Sisi nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa chaki tu: kuchora sakafuni sehemu 3, ya kuloweka, ya kusugua na ya kukausha.

Pingamizi la pili ni la wenye magari: kwamba burashi za mashine hukwaruza rangi. Ni kweli, burashi za zamani za nyuzi ngumu zilikuwa na sifa hiyo mbaya, na ndiyo maana mashine nyingi siku hizi hutumia vitambaa laini au sponji. Lakini tuchunguze mkwaruzo wenyewe unatoka wapi. Mara nyingi unatoka kwenye mchanga uliokamatwa kati ya kitambaa na bodi, kitambaa chenyewe kikiwa hakina kosa. Na kama kuna jambo ambalo Kitui na Makueni hatulikosi, ni mchanga. Kwa hiyo swali linaturudia sisi wa mikono: kitambaa kilichoanguka chini kinaoshwa kabla ya kurudi kwenye mlango wa gari? Kitambaa kilichosugua ringi ndicho hicho hicho kinachosugua boneti? Ndoo ya sabuni ndiyo ndoo ya kusuuzia kitambaa? Tiba yake ni rahisi: suuza mchanga kwanza bila kugusa gari, kisha tumia ndoo 2, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na vitambaa vya magurudumu vikae mbali na vya bodi. Mpangilio tena, wasikilizaji. Tunarudi pale pale.

Sasa tufike kwenye maji yenyewe, na hapa Ukambani tuna mambo ya kipekee. Tunajua wote kwamba visima vingi virefu vya kwetu, hasa kusini mwa Kitui na sehemu nyingi za Makueni, hutoa maji ya chumvi au maji magumu. Maji hayo hufanya sabuni ya kipande ikatae kutoa povu, na huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria na birika. Yakikaukia kwenye gari hufanya vivyo hivyo: maji yanakwenda hewani, madini yanabaki. Zile nukta nyeupe kwenye kioo na kwenye rangi nyeusi, ambazo mteja huzilalamikia akidhani kijana hakusuuza, mara nyingi zimetokana na kusuuza kwenyewe. Unaweza kusuuza mara 10 kwa maji ya chumvi, kila mara ukiongeza nukta. Kwenye mashine ya mkanda, maji ya mwisho kabisa mara nyingi huchujwa madini kwa mtambo maalumu, ili yakikauka yasiache kitu. Je, sisi tunahitaji mtambo huo? Si lazima. Tunalo paa. Maji ya mvua karibu hayana madini hayo. Kituo chenye paa la mabati, mfereji na tangi kinaweza kuyaweka maji ya mvua za Oktoba hadi Desemba kwa ajili ya kusuuza mwisho tu, ndoo 1 au 2 kwa kila gari, na maji ya kisima yakafanya kazi nyingine zote za awali. Tangi likikauka kabla ya mvua nyingine, basi gari likaushwe kwa kitambaa safi mara baada ya kusuuzwa, lisiachiwe jua. Watu wa Mutomo, ambao kwa miaka mingi wamekinga mvua juu ya majabali, hawahitaji kufundishwa thamani ya maji yanayotoka juu.

Na maji yaliyokwisha tumika yanakwenda wapi? Hili ni swali zito kuliko yote. Tuseme mpira unatoa lita 12 kwa dakika, na unaachwa wazi dakika 10. Hizo ni lita 120, mitungi 6 ya lita 20. Mitungi 6, msikilizaji, ni mizigo ya punda ambayo mtoto au mama ametembea nayo kutoka silanga au kutoka shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Tukiyamwaga yakapotea mtaroni, tumemwaga safari ya mtu. Mashine za mkanda zilizojengwa vizuri hazifanyi hivyo. Maji yake huangukia mashimo yaliyo chini ya sakafu: la kwanza mchanga unatulia chini, la pili mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanachujwa, yanapitishiwa hewa yasinuke, kisha yanarudi kuosha magurudumu na tope la kwanza la gari linalofuata. Maji mapya yanatunzwa kwa ajili ya mwisho. Sasa niambieni, je, elimu hii ni ngeni kwetu? Kitui na Makueni ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana sana duniani kwa mabwawa ya mchanga, kuta zinazojengwa kukatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake, ukashika maji na kuyachuja. Watu walioelewa kwamba mchanga hutunza na kusafisha maji wanaweza kujenga mashimo 3 yanayofuatana kwa saruji, bomba la kutolea likipinda kuelekea chini ili mafuta yasipite. Ila niseme wazi: maji hayo yarudi kwenye magurudumu ya gari tu. Yasimwagwe kwenye sukuma wiki, na tope lake la mafuta lisitupwe shambani.

Ndiyo maana kuosha magari mtoni hakuna utetezi. Nchi yetu ina sheria ya mazingira tangu mwaka 1999, na mwaka 2006 zikatolewa kanuni za ubora wa maji zilizokataza kumwaga uchafu kwenye mito. Lakini tusingoje sheria ituamshe. Kila mwaka tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, kwamba mto Athi unatufikia umebeba uchafu wa Nairobi. Je, tukiosha grisi ya lori katika mto Kalundu, mto Kaiti au mto Kibwezi, walio chini yetu watatuitaje? Yule tunayemlaumu huko juu, sisi ndio yeye kwa mwenzetu aliye chini.

Wapo watakaosema: “Mahali pakavu kama hapa, gari lisioshwe kabisa.” Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Chumvi na tope linalokaa chini ya gari huvuta kutu. Kioo kichafu usiku barabara ya Mombasa ni hatari kwa watu. Na matatu chafu ni dharau kwa abiria aliyelipa nauli. Isitoshe, kazi hii inalisha vijana wengi. Tunachotakiwa kuacha ni upotevu. Kuosha kuendelee. Wengine watasema: “Bwawa la Thwake likikamilika, maji yatakuwa tele.” Bwawa hilo, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 pale mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, ni tumaini kubwa, nami naliombea. Lakini maji tele hayataifanya sabuni ifanye kazi bila muda, wala hayatazuia mchanga kukwaruza. Anayepoteza maji ya mtungi atapoteza pia maji ya bomba, na safari hiyo kwa bili. Tena wengine watauliza: “Huoni kwamba mashine itawanyima vijana kazi?” Ndiyo maana sikusema tununue mashine. Nimesema tuchukue mpangilio wake. Hata kwenye mikanda mikubwa huko nje, mara nyingi yupo mtu mlangoni anayesugua magurudumu na wadudu kwa mkono kabla gari halijaingia, kwa sababu jicho la mtu huona ambacho burashi haioni. Kijana wa Wote au wa Mwingi tayari ana jicho hilo. Akiongeza mpangilio, hana haja ya kuuogopa mnyororo.

Na gharama je? Chaki ya kugawa sakafu ni shilingi chache. Ndoo ya pili si mali kubwa. Kungoja dakika moja ni bure. Kivuli cha mti kinahitaji mche mmoja na subira. Kitu cha fedha hapa ni tangi na mashimo ya saruji, na hilo linafaa kufanywa na kikundi: vituo 3 au 4 vilivyo jirani vikashirikiana mashimo yale yale, vikagawana maji yanayorudi. Vikundi vya kwetu vimejenga mabwawa ya mchanga kwa mikono, kwa kubeba mawe na kuchanga nguvu. Mashimo 3 hayawezi kutushinda.

Wasikilizaji wapenzi, muda wangu unaishia, kwa hiyo nifunge kwa kurudia. Kwanza, sabuni ipewe muda wa kukaa, kivulini, bila kukauka. Pili, mchanga uondolewe kabla ya kitambaa kugusa bodi. Tatu, maji ya mwisho yawe ya mvua au maji laini, na gari likaushwe. Nne, maji machafu yasiende mtoni; yatulie, yachujwe, yarudi kazini. Na wewe mwenye gari, una kazi yako. Safari ijayo ukisimama kituoni, usiulize tu bei ni shilingi ngapi. Uliza mambo matatu: sabuni itakaa kwa muda gani, maji ya kusuuza mwisho ni ya wapi, na haya yanayotiririka chini ya miguu yangu yanakwenda wapi? Kisha mngojee kijana afanye kazi yake kwa utaratibu, wala usimpigie honi. Ile dakika moja utakayomwachia inaweza kumwokolea mtu wa nyumbani kwenu mtungi wa maji.